Siku Tuliyokwenda Porini Mikono Mitupu

Mwezi huu sitazungumza juu ya mapishi wala juu ya mtoto anayeota meno. Nataka nikusimulie matembezi ya porini, matembezi mepesi ya saa mbili tu, ambayo bibi aliyevuka miaka 70 na mtoto wa miaka 6 waliyamudu bila shida, na ambayo hayakutugharimu hata senti moja. Tuliyafanya mimi, mama mkwe wangu na wanangu wawili, wakati wa likizo ya mwezi wa sita, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Igunga, mkoani Tabora. Ukisoma mpaka mwisho utaona kwa nini nimeona si vema nikae na habari hii peke yangu.

Kijiji chenyewe kiko mbali. Ukitoka Dar es Salaam kwa basi la Mwanza unapita Dodoma na Singida, unateremka mlima wa Sekenke, kisha barabara inanyooka katikati ya mbuga ya Wembere mpaka Igunga mjini. Hapo unashuka, lakini safari yako bado. Kuna mwendo wa zaidi ya saa moja kwa pikipiki, njia ya vumbi jekundu, halafu njia ya udongo mweusi, halafu njia ya ng'ombe. Simu inashika mtandao ukipanda juu ya kichuguu kilicho nyuma ya zizi. Siku ya kwanza jioni mwanangu mkubwa, wa miaka 11, aliniuliza, "Mama, huku watu huwa wanafanya nini?" Siku ya tatu yeye na mdogo wake walikuwa wamekwisha kugombana mara nne kabla ya uji wa asubuhi. Wewe mwenye watoto unajua hali hiyo.

Kwa kweli hatukwenda kupumzika tu. Baba watoto alikuwa ameitwa na kaka yake. Shemeji yangu wa mwisho alipata nafasi ya chuo, na ada ilikuwa haijapatikana. Shemeji mkubwa, ambaye ndiye anayekaa nyumbani na mama yao, alikuwa amepata mnunuzi kutoka mjini. Huyo mnunuzi angekata miti yote ya ngitili ya marehemu baba mkwe, achome mkaa, na alipe fedha taslimu. Kikao cha ukoo kilipangwa kiwe Jumapili alasiri, chini ya mkwaju. Wanaume wangekaa kwenye viti, na mama mkwe angepika. Ndivyo vikao vyao vilivyokuwa siku zote.

Kwa wale wasioijua, ngitili ni mahali Wasukuma na Wanyamwezi wanapotenga ili majani na miti ipumzike. Mvua zikianza, mifugo haiingii humo. Majani yanakua, yanakomaa, yanakauka yakiwa yamesimama. Kiangazi kikizidi ukali, kwingine kukiwa kweupe kama kiganja, ndipo mwenye ngitili anapowafungulia ndama, ng'ombe wanyonge na maksai wa kulimia. Kwa hiyo ngitili ni kama ghala. Ya baba mkwe ni ekari kama 12, na kwa kuwa haikuguswa kwa miaka mingi, imekuwa msitu.

"KUTEMBEA TU? KUMTEMBELEA NANI?"

Jumamosi asubuhi, nilipoona ugomvi wa watoto unakuja kwa mara ya tano, nilisema, "Vaeni viatu, twende tukatembee porini." Mama mkwe alinyanyuka papo hapo. Akachukua panga, akatwaa kamba yake kwenye kigingi cha ukutani, akaanza kuizungusha khanga yake kuwa ngata.

"Mama," nikamwambia, "leo hatuendi kuokota kuni. Tunatembea tu."

"Kutembea tu? Kumtembelea nani?"

"Kuutembelea msitu wenyewe."

Alinitazama kwanza, kisha akacheka mpaka akaketi. Lakini aliirudisha kamba kwenye kigingi. Panga akalisimamisha nyuma ya mlango. Ngata aliisahau mkononi, akatoka nayo. Tulipokuwa tukivuka uwanja niliona hajui mikono aiweke wapi. Mara aifunge nyuma, mara aishike kiunoni. Jirani mmoja aliyekuwa akianika michembe juu ya mwamba alitusalimu, "Mwangaluka!" akauliza tunakwenda wapi bila kamba. Mama mkwe akajibu kwa haya kidogo, "Huyu mkwe wangu wa mjini ana mambo yake."

Mama mwenzangu, neno hilo lilinichoma. Mwanamke huyu ameingia katika msitu ule kwa zaidi ya miaka 50. Ameingia kutafuta kuni, kukata majani ya kuezekea, kuchuma mboga, kumtafuta ndama aliyepotea, kuchimba dawa ya mtoto mwenye homa. Hata siku moja hakuingia mikono mitupu. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

NJIA TULIYOPITA

Tulianza saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa bado la upole. Mwezi wa sita ni mwezi mzuri kwa matembezi ya Igunga. Mvua zimekwisha, udongo mweusi wa mbugani umekauka na haunati tena miguuni, na asubuhi kuna kaubaridi. Kwa robo saa tulipita katikati ya mashamba, mengine yamevunwa mtama, mengine yana mabua ya alizeti, mengine yana pamba nyeupe inayongoja kuchumwa. Tukafika kwenye lambo. Maji yalikuwa bado yapo, yameanza kurudi nyuma na kuacha ukingo wa matope yaliyopasuka. Yangeyange walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja. Vijana wawili walikuwa wananywesha ng'ombe, wakatuamkia kwa adabu, na mdogo wangu wa miaka 6 akahesabu ng'ombe mpaka akaishiwa namba.

Baada ya lambo njia inapanda kidogo sana, wala huhisi. Hapo ndipo ngitili inapoanzia. Haina ua wala seng'enge. Lakini mtoto wangu mkubwa alisimama mwenyewe na kusema, "Mama, ona!" Upande wa kushoto ardhi ilikuwa wazi, majani yameliwa mpaka mizizi. Upande wa kulia, hatua moja tu, majani ya rangi ya dhahabu yalimfika kiunoni.

"Nani anawazuia ng'ombe wasiingie?" akamwuliza bibi yake.

"Aibu," akajibu mama mkwe. "Na faini. Ukilishia ngitili ya mwenzio unaitwa mbele ya dagashida." Akaeleza kwamba dagashida ni mkutano wa watu wote, ambapo hata mwenye ng'ombe mia husimama na kujibu.

Tukaingia, yeye mbele, watoto katikati, mimi nyuma. Ndani kulikuwa na ubaridi kama wa chumba kilichofungwa pazia. Njia ni nyembamba lakini safi, imetengenezwa na miguu ya wanawake wa kijiji. Mama mkwe, ambaye nyumbani huongea maneno machache, alianza kuitaja miti mmoja mmoja kama mtu anayewatambulisha ndugu zake harusini.

"Huyu ni mlama. Kuni zake zinakaa na moto, hazina moshi mwingi. Huyu mwenye miiba ni mtundulu, usimshike. Huyu ni mtalali. Mngekuja mapema mngekula ntalali mpaka meno yageuke rangi, sasa msimu wake umeshapita. Huyu ni mninga, bado mdogo. Ukimkata anatoa maji mekundu kama damu."

Mwanangu alikuwa na kalamu mfukoni lakini hakuwa na karatasi. Akaanza kuandika majina ya miti kwenye mkono wake. Alipofika kwenye kiwiko akahamia mkono wa pili, na mdogo wake akamshikia kalamu. Sikuwasikia wakigombana tena asubuhi ile.

Tulipumzika chini ya mbuyu mkubwa, tukanywa maji na kula matobolwa tuliyobeba, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa. Juu ya mgunga wa karibu ulining'inia mzinga wa nyuki. Tabora ni mkoa wa asali, na mama mkwe alitueleza tofauti ambayo mimi nilikuwa siijui. Mzinga wa magome unapatikana kwa kumenya mti mzima ganda lake kuuzunguka, na mti ule hufa. Mzinga wa gogo lililochongwa, au wa kisasa wa mbao, hudumu miaka mingi, na wa mbao waweza kutengenezwa kwa ubao mmoja mmoja bila kuua mti porini. "Mume wangu alikataza magome humu," akasema. "Alisema mtu hachomi ghala lake apate majivu."

Kutoka kwenye mbuyu ni dakika kumi tu mpaka kwenye kilima cha mawe, yale mawe makubwa yaliyopandana ambayo mtu wa Usukuma na Unyamwezi anayajua tangu utoto. Mtoto mdogo alipanda kwa mikono na magoti, bibi alipanda kwa fimbo. Juu ni tambarare, mahali pa kukaa watu kumi. Ukikaa pale unaiona mbuga ya Wembere yote, imelala mpaka inapogusana na mbingu.

WAPAGAZI

Watoto waliuliza kama zamani kulikuwa na watu huko. Nikawaambia niliyosoma. Kusini mwa Igunga ndiko ilikopita njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na kabla ya kufika Tabora watu walivuka nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali. Na mbuga ileile tuliyokuwa tukiitazama, msafara wa Henry Morton Stanley uliivuka mwanzoni mwa mwaka 1875 ukielekea Ziwa Victoria. Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri kuliko wote. Mtu mmoja alichukua mzigo wa karibu kilo 30, miezi na miezi. Na wake zao walikuwamo njiani, wamebeba vyungu, chakula na watoto, wakifika kambini wanaume wanapumzika na wao wanaanza kupika.

"Kilo 30 ni kama nini?" akauliza mdogo.

"Kama tita zuri la kuni la bibi yako," nikamjibu.

Mama mkwe alikaa kimya. Kisha akasema, "Kumbe mpagazi ni mimi."

Alisema kwa kucheka, lakini hakuendelea kucheka. Aliitazama ngata mkononi mwake, akaikunjua ikawa khanga, akajifunika magoti. Watoto walikuwa wameteremka mwamba wa pili kuokota ukwaju. Ndipo aliponiambia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia katika miaka 14 ya ndoa yangu.

Aliniambia juu ya ukame wa 2006, ng'ombe wa watu walipokuwa wakifia njiani, na jinsi majani ya ngitili ile yalivyowabakiza wanne waliozaa kundi la leo. Aliniambia jinsi alivyouza majani ya kuezekea mwaka aliofiwa na mumewe, akanunua mahindi bila kwenda kwa mtu kukopa. Aliniambia kwamba kuni zikiisha pale, za karibu ziko mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na magoti yake hayatafika. Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayehesabu akiba yake.

"Mama, wanao wanayajua haya?"

"Hawajaniuliza."

"Na wewe hukuwaambia?"

"Mayu, mimi kwenye kikao ni wa kuleta uji."

Tulirudi kwa njia ya upande wa pili, nayo ni fupi. Inapita mahali palipokuwa ngitili ya jirani. Ilikatwa miaka michache iliyopita kwa ajili ya mkaa. Visiki vilikuwa bado vipo, na katikati palikuwa na duara jeusi la tanuri. Tanuri la kienyeji la udongo hula kati ya kilo 5 na 10 za mti ili litoe kilo 1 ya mkaa, kwa hiyo msitu wa miaka 30 huondoka katika malori machache. Mtoto wangu aliyekuwa akiandika alitafuta cha kuandika hapo akakosa. Saa tatu na nusu tulikuwa nyumbani.

MKONO WA MTOTO

Mama mwenzangu, sikumkabili mume wangu kwa hotuba. Mkono wa mtoto ndio ulioanza. Usiku alipokuwa akimkagua kabla ya kulala aliuliza haya maandishi ni ya nini, akaanza kuyasoma kwa mwanga wa taa. Alipofika kwenye mtundulu alicheka, akakunja suruali, akamwonyesha mtoto kovu la gotini alilolipata humo alipokuwa mchunga ndama. Majina mengine alikuwa ameyasahau. Akanyamaza.

Watoto walipolala nikamwambia, "Kesho kabla ya kikao mchukue mama yako, mtembee. Msibebe kitu. Wala usimwulize habari za mkaa. Mwulize tu habari za miti."

Walikwenda Jumapili baada ya ibada. Walikaa huko muda mrefu kuliko sisi. Sikuuliza walisemezana nini. Lakini kikao kilipoanza nilikuwa jikoni, nikamsikia mume wangu akisema, "Kabla hatujasema sisi, mleteeni mama kigoda." Palikuwa na ukimya mrefu. Mama mkwe alikuja na upawa mkononi, akaketi, akazungumza kwa muda usiotosha kuchemsha maji ya ugali. Alisema yale yale ya juu ya mwamba.

Sitaki kukudanganya kwamba wote walifurahi. Shemeji mkubwa alikasirika, naye alikuwa na haki yake. "Nyie wa mjini," alisema, "mnakuja mara moja kwa mwaka mnaona miti mizuri. Mimi ndiye ninayempeleka mama hospitali usiku. Mimi ndiye ninayelipa mchango wa shule ya kijiji." Baba watoto hakuwa na jibu, akakiri kwamba ni kweli. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kweli.

Mwishoni waliamua ngitili ibaki. Waliuza maksai mmoja na mitamba miwili. Kilichopungua tulikitoa sisi, katika fedha tulizoweka kwa ajili ya sakafu ya nyumba yetu. Sakafu hiyo mpaka leo ninapoandika ni ya vumbi, na asubuhi nyingine ninapofagia huwa naikumbuka ngitili kwa namna isiyo nzuri sana. Tena tulikubaliana kutuma kila mwezi fungu la matibabu ya mama, jambo tulilopaswa kulifanya tangu zamani. Shemeji mkubwa bado hajachangamka nami kama awali. Lakini shemeji mdogo yuko chuoni, na miti iko palepale.

Jambo moja zaidi ulijue, hasa wewe mwenye mama au mama mkwe mjane kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Ardhi ya familia inaweza kuandikishwa na kupewa hati ya hakimiliki ya kimila, na jina la mama likawemo. Nasi tumeanza kuulizia katika ofisi ya kijiji.

Na usidhani msitu uliokatwa haurudi. Jirani zetu wa Shinyanga walifyeka misitu yao kwa miaka mingi, kwanza tangu miaka ya 1920 ili kuwaondoa mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba na kuni, mpaka nchi ikawa karibu jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, uliowarudisha wananchi kwenye desturi yao ya ngitili. Wakati ule ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sehemu kubwa haikupandwa miche. Visiki viliachwa vichipue, ng'ombe wakazuiwa, basi.

KAMA NAWE UNGEPENDA

Huhitaji kufika Igunga. Karibu kila mmoja wetu ana kijiji, na kila kijiji kina kichaka chake. Haya ndiyo niliyojifunza:

Ondokeni mapema, saa moja hivi asubuhi, mrudi kabla ya saa nne. Chagueni kiangazi, maana wakati wa masika udongo mweusi huvua watu viatu.

Vaeni viatu vya kufunika vidole, na nguo za mikono mirefu. Kuna miiba, na penye mbung'o nguo za buluu na nyeusi huwavuta. Mkirudi, wakagueni watoto kupe, nyuma ya masikio na makwapani.

Bebeni maji, walau lita moja kwa mtu mzima, na kitu kidogo cha kutafuna. Mtoto asitie mkono kwenye shimo la mti au la kichuguu. Mkiona mzinga, piteni mbali na kimya.

Ombeni ruhusa kwa mwenye msitu au mwenyekiti wa kitongoji, na mwambieni mtu mnakopita. Msichume dawa kwa kubahatisha. Jifunzeni jina tu.

Mtangulizeni mzee, aende kwa mwendo wake. Mwendo huo ndio unaowafaa watoto pia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa hatua za haraka kidogo ni mojawapo. Huko Japani serikali ilianza tangu mwaka 1982 kuwahimiza watu waende msituni kwa ajili ya afya tu, bila kazi yoyote. Mama zetu wangeshangaa kusikia hivyo.

Na la mwisho, acheni kamba nyumbani. Kuni mtaziokota kesho. Mtu asiye na mzigo kichwani huweza kugeuza shingo akatazama, na akitazama hukumbuka, na akikumbuka husema. Mama mkwe wangu alikuwa na maneno hayo miaka yote, ila hakuna aliyewahi kumpa saa mbili za kuyasema.

Juzi tulimpigia simu. Alikuwa juu ya kichuguu, upepo ukivuma. Nikamwuliza alikuwa wapi asubuhi, kwa sababu nilijaribu mara mbili. Akajibu kama mtu aliyefumaniwa, "Nilikuwa natembea tu."